Barabara ya Mabega

Nchi ninayoieleza hapa haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake wameomba isitafutwe. Ina milima mingi, wizara nyingi, na amani ya kutosha kila raia kugawiwa sehemu yake akitia saini. Katika nchi hiyo imo Kata ya Isukutwa, iliyo juu mlimani, mwendo wa kilometa kumi na tisa kutoka mahali lami inapokoma. Lami yenyewe inakoma mbele ya lango la hospitali ya wilaya, kana kwamba ilifika pale ikiwa mgonjwa, ikalazwa, na haijaruhusiwa kutoka.

Kwa kuwa hakuna gari linaloweza kupanda Isukutwa, watu wa kule walizoea machela. Machela hiyo ilikuwa mianzi miwili mirefu iliyounganishwa kwa kamba na kutandikwa blanketi. Ilikuwa na wanaume wanane: wanne walibeba, na wanne walipumzika kwa kutembea. Mgonjwa alipozidiwa, pembe ya tandala ilipulizwa, na kila kijana ambaye ukoo wake ulikuwa na zamu aliacha alichokuwa akikifanya. Aliyekuwa akila alinawa. Aliyekuwa akigombana na mkewe aliahirisha. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni nani, na mtu aliyeshindwa kuitika pembe bila sababu alipata aibu ambayo hata watoto wake waliikuta nyumbani.

Utaratibu huo, kama msomaji aonavyo, ulikuwa wa kishenzi, kwa sababu haukuwa na kamati.

Aliyeurekebisha ni kijana aitwaye Ombeni, fundi seremala mwenye umri wa miaka ishirini na sita, na lazima nikiri mapema kwamba alikuwa na sababu njema. Miaka miwili kabla ya mambo haya, mkewe Zeria alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza katikati ya masika. Vijana waliitika pembe upesi, lakini njia ilikuwa utelezi mtupu, na mtoto alifia mteremkoni. Daktari alimwambia Zeria, "Mimba ijayo usingoje uchungu. Ubebwe, uletwe hapa mwezi mzima kabla. Na mteremko ule usiuteremke kwa miguu yako." Ombeni alitoka hospitalini akiwa na neno moja tu kichwani, nalo lilikuwa barabara.

Basi uchaguzi wa diwani ulipotangazwa, Zeria akiwa na mimba ya miezi saba, Ombeni alikuwa tayari kumpenda mtu yeyote atakayelitamka neno hilo.

*

Aliyelitamka ni Mheshimiwa Polikarpo Mwasindo, muuza saruji wa mjini, aliyekuwa akiitwa Mheshimiwa kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kupata cheo chochote, kwa maandalizi. Alipanda mlima siku ya Jumamosi kwa viatu vyeusi vyenye ncha. Alifika uwanja wa shule akihema, akaketi juu ya jiwe, akavua kiatu kimoja mbele ya umati.

"Ndugu zangu wa Isukutwa!" alisema. "Njia hii imenitesa kwa saa tano. Ninyi imewatesa kwa miaka mingapi? Nipeni kura zenu, niwape lami!"

Vijana walipiga kelele hata mbuzi wa jirani wakakata kamba.

Mpinzani wake alikuwa Mwalimu Nathanieli, mstaafu, aliyekuwa amewafundisha kusoma karibu watu wote waliokuwa uwanjani. Yeye alisema, "Mimi sina uwezo wa kujenga barabara. Nitakwenda wilayani kuuliza kwa nini barabara yetu imo katika mipango tangu nikiwa kijana na haijafika. Kisha nitarudi kuwaambia nilivyojibiwa."

Vijana walitazamana. Hawakuwa wamewahi kumwona mgombea asiye na haya kiasi hicho.

Jioni ilipokaribia, ikaonekana kwamba Mheshimiwa hawezi kushuka. Kisigino chake kilikuwa na lengelenge lenye ukubwa wa kunde. Ombeni alikimbia hadi ofisi ya kata, akaitungua machela ukutani, akarudi nayo. Mama mkwe wake, Bi Sekunda, aliyekuwa mkunga kwa miaka thelathini, alikuwa amesimama kando ya uwanja na kitenge chake begani.

"Ombeni, mwanangu," aliuliza, "huyo anaumwa nini?"

"Anaumwa na shida zetu, Mama," Ombeni akajibu. "Si haki mtu ateswe na njia ile ile anayokuja kutuondolea."

Neno hilo lilikuwa na mantiki nzuri, na ndiyo sababu hakuna aliyeweza kulizuia. Vijana wanne waliinama, wakamwinua Mheshimiwa. Nasikia kwamba mwanzoni alifadhaika, akashika mianzi kwa mikono yote miwili na kuomba ashushwe polepole. Lakini alipotazama chini na kuona vichwa vya watu, fadhaa ile ilimtoka, na haikurudi tena.

*

Siku iliyofuata vijana wa kitongoji cha pili walilalamika kwamba wenzao wamependelewa. Wao pia walikuwa na mabega. Vijana wa kitongoji cha tatu walikuja na machela yao mpya, yenye mto wa pamba na mwavuli. Kabla ya juma kwisha ilikuwa imeundwa Kamati ya Vijana ya Kumwinua Mgombea, Ombeni akiwa mwenyekiti, na kamati hiyo katika kikao chake cha kwanza ilipitisha azimio kwamba nyayo za Mheshimiwa zisiguse ardhi ya Isukutwa mpaka zitakapokanyaga lami. Machela ya kitongoji cha tatu ilivunjika siku ya pili, kwa kuwa ilikuwa imetengenezwa kwa mapenzi kuliko kwa mianzi. Ile ya wagonjwa ikabaki peke yake katika utumishi.

Ombeni ndiye aliyetunga wito. Mmoja alipaza sauti, "Hakanyagi!" Na wote waliomsikia, hata wakiwa shambani, hata wakiwa wamejaza maji mdomoni, walipaswa kuitikia, "Mpaka lami!"

Kwa muda wa siku arobaini Mheshimiwa aliishi juu ya mabega. Alihutubia akiwa amelala ubavu. Alikula akiwa ameketi, mjumbe mmoja wa kamati akishika sahani na mwingine akishika ndevu zisiguse mchuzi. Kwa haja zile ambazo kila mwanadamu huwa nazo, Ombeni alichonga ubao mwembamba wa mninga, ukatandazwa mpaka chooni, ili azimio lisivunjwe. Ubao huo ulikuwa umekusudiwa kuwa kitanda cha mtoto.

Mwalimu Nathanieli naye hakusahauliwa. Siku ya kurudisha fomu za wagombea, ambapo mwisho ulikuwa saa kumi kamili alasiri, vijana thelathini walifika kwake saa tano asubuhi na kumwambia kwamba hawataki kumbagua mtu yeyote. Walimwinua, wakambeba kwa heshima hadi ng'ambo ya mto, wakamketisha mahali penye kivuli, wakamwimbia. Walimrudisha saa kumi na robo, akiwa bado ameshika fomu yake mkononi.

Mtendaji wa Kata, Bwana Kandidus, ndiye aliyekuwa pia Msimamizi wa Uchaguzi, kwa kuwa ofisi ilikuwa na kiti kimoja. Alimpokea kwa huzuni.

"Mwalimu wangu, umechelewa."

"Nimebebwa, Kandidus. Umeniona nikibebwa. Ulikuwa dirishani, ulinipungia mkono."

"Nilikupungia kama mwananchi, Mwalimu. Sasa nimekaa kama Msimamizi." Akafunga daftari taratibu. "Na ni wewe mwenyewe uliyetuchapa darasa la tatu kwa kuchelewa. Mimi nilichapwa mara nne. Sijasahau mafundisho yako."

Hivyo Mheshimiwa akawa amepita bila kupingwa. Mtu asiyezoea siasa angedhani kwamba kampeni zingekoma hapo. Kinyume chake, kamati iliongeza bidii, kwa sababu mgombea asiye na mpinzani huhitaji kulindwa dhidi ya watu wote.

*

Mwezi wa nane wa mimba ya Zeria ulikuwa unakwisha. Asubuhi moja alimkuta mumewe akipaka mabega mafuta ya nyonyo, kwa kuwa yalikuwa yamechubuka.

"Ombeni, daktari alisema nishuke mwezi mzima kabla. Mwezi wenyewe ndio huu."

"Najua, mke wangu. Zimebaki siku kumi na mbili za kampeni. Zikiisha, mabega yote ya Isukutwa ni yako. Nitabeba mbele mwenyewe."

"Na mtoto akitaka kuja kabla ya siku kumi na mbili?"

"Zeria, wewe unaona machela. Mimi naona barabara. Mtoto wetu huyu atashuka hospitalini kwa gari, akiwa na homa tu, amekaa mbele na dereva."

"Unaona mbali," Zeria alisema, akaweka mkono juu ya tumbo. "Mimi naona hapa."

Bi Sekunda hakuwa mtu wa kungoja siku kumi na mbili. Alivaa kanga yake ya kanisani, akaenda ofisi ya kata kuidai machela. Bwana Kandidus alimwonyesha msumari mtupu ukutani.

"Imeazimwa kwa shughuli za kitaifa, Mama. Kuirudisha kuna fomu."

"Nipe hiyo fomu."

"Nitakujazia mimi. Mgonjwa ni nani?"

"Zeria, binti yangu. Unamjua, umekula kwenye harusi yake."

"Anaumwa nini?"

"Ana mimba."

"Mimba si ugonjwa, Mama. Wizara imekwisha kutoa tamko."

"Basi andika kwamba anakwenda kujifungua."

"Tarehe?"

"Kandidus, mtoto hajaniandikia barua."

Mtendaji akachora mstari katika nafasi ya tarehe, akaendelea. "Mgonjwa anaunga mkono juhudi?"

"Juhudi za nani?"

"Fomu haisemi za nani. Inasema juhudi."

"Wewe nilikutoa tumboni mwa mama yako ukiwa umetanguliza miguu," Bi Sekunda alisema. "Nilihangaika nawe tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Laiti ningejua ulikuwa unakimbilia ofisi."

Bwana Kandidus aliandika ndiyo, kwa hisani yake mwenyewe. Kisha akaeleza kwamba fomu inahitaji idhini ya mtumiaji wa sasa wa machela, na kwamba mtumiaji wa sasa hutia saini siku za Jumatatu, akiwa amelala chali.

Ilikuwa siku ya Jumanne.

*

Uchungu ulimshika Zeria Alhamisi, saa mbili asubuhi, siku ya mkutano mkubwa wa kampeni. Bi Sekunda alimpapasa tumbo, akakuta mtoto amekaa mlalo. Alitoka nje mbio, akaichukua pembe kwa mzee aliyeitunza, akaipuliza yeye mwenyewe mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Vijana waliisikia. Sitaki wasingiziwe kwamba hawakuisikia. Kila mmoja aliacha alichokuwa akikifanya, kama walivyolelewa, na wakaja mbio kutoka pande zote za mlima. Lakini kwa mwezi mzima na zaidi pembe ile ilikuwa imetumika kuwaita kwenye mikutano. Kwa hiyo walipoisikia walikimbia kwa moyo wote hadi uwanja wa shule, wakajipanga mistari, wakangoja kupangiwa zamu ya kumbeba Mheshimiwa. Bi Sekunda aliwaona wakipita mbele ya mlango wake. Alimwita mmoja kwa jina. Kijana yule alimjibu kwa adabu, "Shikamoo Mama, tunawahi pembe!" akapita.

Wakabaki wanawake. Walikuwa watano, na mdogo kati yao alikuwa na miaka hamsini na nane. Walikigeuza kitanda cha kamba, wakamlaza Zeria, wakafunga vitenge miguuni pa kitanda kipate kuning'inia mabegani, wakaanza kushuka. Walipumzika kila baada ya hatua mia mbili. Zeria aliwaomba radhi kila walipopumzika, na kila mara walimwambia anyamaze.

Katika kilometa ya nne njia inapita kwenye ukingo wa jabali. Upande wa kushoto ni ukuta wa mawe, upande wa kulia hakuna kitu. Hapo ndipo walipokutana na msafara. Mheshimiwa alikuwa amelala usiku uliopita kwenye kibanda kimoja cha chini ya mlima, pamoja na vijana wa zamu, na sasa alikuwa akipandishwa mkutanoni. Mbele, kwenye mwanzi wa kulia, alikuwa Ombeni.

Watu wote walisimama.

"Ombeni," Bi Sekunda alisema. "Mtoto amekaa mlalo. Tupisheni."

Nyuma ya machela kulikuwa na vijana wapatao sitini waliopangana mmoja mmoja, na ilihitajika wote warudi kinyumenyume. Au ilihitajika Mheshimiwa ashuke, asimame ukutani kwa pumzi tatu, machela ipitishwe kiubavu.

"Mheshimiwa," Ombeni alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "huyu ni mke wangu."

Mheshimiwa aliinuka kwa kiwiko, akatazama. Mashahidi wote wanakubaliana kwamba machozi yalimlengalenga.

"Vijana wangu," alisema, "mnaona? Mama huyu anateseka! Na anateseka kwa sababu gani? Kwa sababu hamna barabara!"

Sitini wakashangilia. Yeye akaendelea. Alieleza upana wa barabara atakayoileta, na mitaro yake ya kando, na taa. Alieleza kwamba akina mama watapita humo wakijifungua kwa raha zao. Karani wa msafara aliandika kila neno, na kwa kuwa hotuba ilivuka dakika kumi, sheria ilimtaka aiandikishe kuwa mkutano kamili. Ukawa mkutano wa ishirini na tatu.

Zeria hakuwa akimtazama msemaji. Alikuwa akimtazama mumewe. Alikuwa ameng'ata upindo wa kitenge, naye aliutoa mdomoni ili aseme neno moja.

"Mwombe."

Ombeni akakohoa. "Mheshimiwa," alisema, "naona... kama ungeteremka kidogo tu. Hapo ukutani. Pumzi mbili tatu."

Mheshimiwa hakukataa. Ningependa haki yake hiyo ihifadhiwe. Alifungua mdomo ajibu, na huenda angekubali. Lakini kijana mmoja wa nyuma, ambaye kutoka pale alipokuwa hakuona kitanda wala mwanamke, alisikia tu kwamba kuna mtu anataka kumteremsha mgombea. Akapaza sauti kwa hasira:

"Hakanyagi!"

Na sitini wakaitikia. Ombeni naye aliitikia. Alikuwa ameitikia mara elfu katika siku thelathini na moja, na mdomo wake ulifanya ulichozoea, kwa nguvu zote, akiwa amemkazia mkewe macho.

"Mpaka lami!"

Bi Sekunda akasema, "Haya, wanawake. Turudi nyuma."

Walirudi nyuma, wakikibeba kitanda kinyumenyume kwa hatua mia nne, mpaka mahali njia inapopanuka. Msafara ukapita. Ulichukua muda, kwa kuwa kila kijana aliyepita alisimama kutoa pole. Mtoto alizaliwa hapo, kabla ya wa mwisho kupita. Alikuwa wa kiume. Bi Sekunda alifanya yote aliyoyafanya kwa miaka thelathini, akayafanya tena, kisha akavua kanga yake ya kanisani na kumfunika.

Katika taarifa ya mkutano wa ishirini na tatu, Bwana Kandidus aliandika kwamba wahudhuriaji walikuwa sabini na mmoja. Alipoarifiwa kwamba mmoja wao hakulia, aliifuta namba hiyo kwa mkono wake na kuandika sabini. Katika nchi hiyo takwimu za uchaguzi huheshimiwa sana.

*

Zeria alifikishwa hospitalini, akalazwa siku tisa. Alipopata nafuu alibebwa na wanawake wale wale hadi nyumbani kwa mama yake.

Ombeni alikwenda kumwona. Alisimama mlangoni, mabega yake yakiwa na majani ya dawa.

"Nilikuwa chini ya mwanzi, Zeria. Ningefanyaje? Ningeachia, mtu angeanguka jabalini."

"Sikukuomba mabega," Zeria alisema. "Mabega yalikuwa na mzigo, niliona. Mdomo wako haukuwa umebeba kitu."

Ombeni alisema jambo ambalo huenda aliliamini. "Barabara itakuja. Ikija, haya yote yatakuwa na maana. Utarudi nyumbani."

"Barabara ikija," Zeria alisema, "nitashuka nayo."

Lakini hakufunga mlango, na Ombeni alilichukua hilo kama ahadi. Aliondoka hapo akaongeza bidii. Alipeleka barua kwa diwani mpya kila juma. Katika barua hizo hakumtaja mtoto, maana alihofia kuonekana analaumu. Alitaja utii wa vijana wa Isukutwa, uvumilivu wao, siku arobaini, kilometa kumi na tisa, uzito wa Mheshimiwa bila viatu na pamoja na viatu, na kwamba hakuanguka hata mara moja.

Barua hizo zilifanya kazi kuliko barua zote zilizowahi kuandikwa kutoka Isukutwa. Diwani alizipeleka wilayani, wilaya ikazipeleka mkoani, na mkoa ukazipeleka Wizara ya Njia na Mapito. Wizara ilituma tume ya wataalamu saba, ambao walifika hadi hospitali ya wilaya, wakautazama mlima kwa darubini, wakarudi. Miezi sita baadaye ikatoka taarifa.

Taarifa ilisema kwamba Serikali imeridhika. Ilikuwa imethibitika kwa maandishi ya wananchi wenyewe kwamba kati ya Isukutwa na lami tayari kuna njia ya usafirishaji inayohimili mzigo wa mtu mzima mwenye cheo, masika na kiangazi, bila mashimo, bila mafuta, na bila kuhitaji daraja. Kujenga nyingine juu yake kungekuwa ubadhirifu. Kwa hiyo vijana wote wa kata wenye umri wa miaka kumi na minane hadi thelathini na mitano waliandikishwa rasmi kuwa Barabara ya Mkoa namba mia nne na kumi na saba, daraja la pili. Ni marufuku kuiharibu, kuizuia, au kuipitishia mzigo usio na kibali. Wagonjwa watapata kibali wilayani, wakienda wenyewe kukiomba.

Isukutwa ilisherehekea siku mbili. Mwalimu Nathanieli alikwenda ofisini kuuliza kama amesoma sawasawa. Bwana Kandidus alimwambia kwamba amesoma sawasawa kabisa, kama kawaida yake.

*

Siku ya uzinduzi vijana mia mbili walipangwa mstari mmoja kutoka uwanja wa shule kuelekea mteremkoni. Kila mmoja alipewa fulana ya rangi ya machungwa yenye namba kifuani. Ombeni, kwa kutambua mchango wake, alipewa namba ya kwanza: KILOMETA SIFURI HADI MOJA. Utepe mwekundu ulifungwa kutoka bega lake hadi bega la jirani yake. Mhandisi wa Wizara alikuwa na kofia ngumu, akipita na kuwagonga vijana mabegani kwa nyundo ndogo ya mpira, akiandika.

Mheshimiwa Diwani, aliyekuwa amenenepa kidogo kwa majukumu, alihutubia.

"Wapo waliosema kwamba wanasiasa hatutimizi ahadi!" alisema. "Nilisema nini? Nilisema Isukutwa itapata barabara. Leo ninyi mmepata barabara. Na mimi nasema zaidi: leo barabara imewapata ninyi!"

Makofi yalikuwa bado yanapigwa wakati Zeria alipotokea kwenye njia itokayo kwa mama yake. Alikuwa na furushi kichwani na viatu mkononi. Dada wa baba yake alikuwa na chumba nyuma ya hospitali ya wilaya, na pale hospitalini walikuwa wakitafuta mtu wa kufua mashuka. Alikuwa akishuka, kama alivyosema.

Alipofika kwenye utepe aliinama, akapita chini yake. Mhandisi akamwonya asiguse. Alikuwa amepita hatua kumi hivi Ombeni alipomwita.

"Zeria."

Aligeuka.

"Ngoja. Nakuja nawe," Ombeni alisema.

"Unakwenda wapi?" Mhandisi akauliza, akifunua karatasi zake. "Wewe ni sifuri hadi moja. Ukitoka wewe, barabara haina mwanzo."

"Nakwenda na mke wangu."

"Bwana, barabara haimfuati mtu."

Vijana kadhaa walicheka, kwa kuwa ilisemwa vizuri. Zeria hakucheka. Alishusha furushi, akaliweka juu ya jiwe, akasimama. Alingoja, na kila mtu aliyekuwepo aliona kwamba anangoja, kwa muda ambao ungemtosha mtu kuvua fulana, na hata kuikunja.

Ombeni aliushika upindo wa fulana kwa mikono yote miwili.

Mpiga picha wa Wizara, aliyekuwa amepiga goti mbele yake, aliinua kichwa kutoka kwenye kamera. "Hapo hapo, kaka," alisema. "Inyooshe kidogo, namba isomeke."

Ombeni akainyoosha.